Figo za Mwalimu Bokungu

Jumatatu, 5 Machi 1984
Prefe, mkuu wa shule yetu, ametangaza: Ijumaa atachagua mkuu wa maabara. Ni mimi, Mwalimu Mwamba wa biolojia, au Bokungu wa kemia, mtoto wa askari wa base, kambi ya jeshi. Nitashinda kwa figo. Figo huchuja asidi amino kutoka kwenye damu, kisha vijifereji vyake huzirudisha, karibu zote. Mkojo wa mwenye afya unabaki karibu bila asidi hizo. Kabatini tuna dawa ya ninhidrini. Ikikuta asidi amino, karatasi hugeuka zambarau. Karatasi yenye tone la mchuzi wa samaki itageuka. Ya mkojo wangu, hapana. Prefe ataona mwenyewe.

Jumanne, 6 Machi
Jaribio. Karatasi yangu ina madoa ya zambarau. Nimerudia mara nne. Zambarau. Figo zangu zinavuja. Nimemwambia mke wangu, Ngalula. Akauliza naumwa wapi. Siumwi popote. Akasema basi nile. Nimeshindwa.

Jumatano, 7 Machi
Sikati tamaa. Nimemwomba Bokungu mkojo wake, nikasema ni wa somo. Ameleta chupa imejaa, mtu mkarimu. Zambarau. Naye anavuja! Nimekula bukari, ugali wetu, sahani mbili.

Alhamisi, 8 Machi
Ngalula anataka nimwambie Bokungu faraghani, maana ana watoto sita. Nimekataa. Sayansi haifanywi faraghani.

Ijumaa, 9 Machi
Mbele ya prefe na wanafunzi nimetangaza kwamba Bokungu ni mgonjwa wa figo, apumzike. Bokungu akakaa chini. Nikaweka tone lake, nikanyunyiza dawa, nikapasha moto. Madoa yale yale. Bokungu akainuka, akayatazama, akaniomba niweke vidole vyangu juu ya madoa hayo. Vikaenea sawasawa.
“Citoyen Mwamba, hii iko vidole yako. Jasho njo iko na asidi amino.”
Akashika karatasi mbili mpya kwa koleo, moja baada ya nyingine. Tone lake, kisha langu. Zote karibu nyeupe.
“Weye uko muzima, ndugu. Na minyi pia.”
Prefe akampa ufunguo wa maabara.

Jumamosi, 10 Machi
Ngalula anasema nikamwombe Bokungu msamaha. Nitaenda kesho baada ya misa. Nitamkumbatia muda mrefu, sikio kifuani pake. Sura inayofuata kitabuni ni ya moyo, na nimeshaazima saa yenye mshale wa sekunde.