Ufizi wa Mshereheshaji

Jumatatu, 4 Machi
Ufizi umerudi nyuma juu ya jino langu la kupandikiza. Chuma chaonekana. Kwa fundi bomba si neno. Kwa mshereheshaji wa harusi, tabasamu ndilo jembe. Mshindani wangu, Spika, keshatangaza kwamba nimepigilia msumari mdomoni.

Jumanne, 5 Machi
Kwa daktari wa meno. Kasema ufizi utaongezwa nyama, njia ni mbili. Kukata kipande kaakaani mwangu na kukishona pale: hushika vizuri, ila vidonda viwili. Au utando uliotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe: kidonda kimoja, ila pengine husinyaa. Nikauliza kama kaakaa la Spika lingefaa, maana analo pana. Hakucheka. Nikachagua langu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekatwa, nimeshonwa. Masharti: uji uliopoa, maneno machache, na nisiinue mdomo kuchungulia. Mshono ukitikisika, nyama haishiki. Nina harusi kubwa wiki ijayo. Spika kampigia bwana harusi, kasema mimi ni mahututi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechungulia. Mara moja tu, nijue ninachokatazwa kuona. Mke wangu kanikuta bafuni, mdomo wa juu nimeuvuta hadi puani. Kasema, “Baba watoto, hata kuku anayeatamia hafunuliwi kila saa.”

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kwa bwana harusi kumthibitishia kuwa mimi ni mzima. Spika yuko sebuleni, kakunja nne, anakunywa soda. Akauliza kwa huruma kama msumari umeng'oka. Nikainua mdomo nimwonyeshe kazi ya daktari. Nikasikia uzi ukikatika. Bwana harusi akageuza uso. Harusi kapewa Spika.

Jumatatu, 11 Machi
Nyama imekufa. Daktari kauliza nani kaigusa. Nikasema upepo. Akanitazama mpaka nikaona haya. Kaakaa likipona, tutajaribu utando.

Jumatano, 12 Juni
Utando umeshonwa. Masharti yaleyale. Mke wangu kaondoa vioo vyote nyumbani, hata cha kunyolea. Hakuwa na haja. Safari hii nimetulia, wala sina hamu ya kuchungulia. Nimepiga picha tu kwa simu. Imetoka na ukungu, kwa hiyo ya pili nimeuvuta mdomo zaidi.