Kibuyu cha Mama Chebet Hakikuwa Kinakula Mahindi

Leo sina uso. Ule niliotoka nao nyumbani umeanguka hapa Sigowet, kwa kina Chebet, na bado niko hapa hapa nikiutafuta.

Ngojeni nianze mwanzo. Nawajua nyinyi, mtacheka kabla ya wakati.

Jumamosi ni koito yetu. Wazee wangu wanakuja kwao Chebet kuomba binti, kisha maziwa ya mursik yanapitishwa na mambo yanakuwa rasmi. Sasa juzi babake akanipigia simu. Tumbili wanamaliza mahindi, akasema, na kama mkono wangu bado unajua manati, nipite siku moja nimsaidie. Mimi nikasikia kitu kingine kabisa. Nikamwona Jumamosi amesimama mbele ya watu wote akisema, "Huyu ndiye aliyeokoa shamba letu." (Mimi kwa ndoto sihitaji hata kulala.)

Asubuhi nikafika, manati shingoni. Baba Chebet akanipeleka mtoni, akachokora mawe kwa fimbo, akaokota moja la mviringo, laini, kama yai la njiwa.

"Hili," akasema. "Zito, haliyumbi na upepo. Likimpata mmoja mgongoni, wengine wataogopa wiki nzima."

Nikasema ndiyo baba. Yeye akaenda kupeleka maziwa, akaniacha na shamba.

Haya, shida yangu mnaijua. Mimi ndiye yule aliyekula ugali kwa sukuma Krismasi kwa sababu alikuwa amezoeana na jogoo wa kuchinjwa. Na tumbili wa kwanza kutoka kichakani alikuwa mama, mtoto ameng'ang'ania tumboni. Mtoto akaniangalia. Mimi nikaliangalia lile jiwe. Hili linavunja mbavu, nikajiambia. Nikalitia mfukoni, nikaanza kutafuta risasi yenye huruma.

Kwanza nikajaribu udongo. Nikafinyanga vidonge, nikavianika juu ya mwamba mpaka vikakauka, nikavuta manati. Kidonge kikapasuka hewani, vumbi lote likanirudia machoni. Cha pili kilikuwa chepesi sana, upepo ukakibeba kama unyoya. Tumbili wakasimama kutazama. Nafikiri walinihurumia.

Ndipo nikaona mpera kando ya ua. Jamani, pera! Zito kuliko udongo, laini kuliko jiwe. Nikajiona fundi. Nikapiga moja, likampata dume lao kubwa kwenye paja, pah. Akaruka. Akageuka. Akaliokota, akalinusa, akalila.

Kisha akaketi, akaniangalia vile mtu humwangalia mhudumu wa hoteli.

Nikapiga lingine kumwonyesha sicheki. Hilo hakungoja lifike chini. Wenzake wakaona, wakatoka kwenye mahindi, wakajipanga kwenye ukingo wa shamba, wamama mbele. Nami nikaendelea, kwa sababu gani sijui. (Lakini mniandikie hili pia: mahindi hayakuguswa tena.)

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Baba Chebet amerudi, na hajarudi peke yake. Yuko na ndugu yake, yule atakayekuwa msemaji wao Jumamosi. Wamesimama wakitazama ule mstari wa tumbili wanaotafuna.

"Weri," Baba Chebet akaniita, maana kwao mimi bado ni kijana mdogo, "hawa nao umewaalika kwa koito?"

Masikio yakanichoma. Nikatoa lile jiwe mfukoni. Na hata hapo, moyo wangu huu wa maziwa haukukubali. Nikaamua kupiga juu ya vichwa vyao, wasikie mvumo tu. Jiwe ni zito, nikafikiri, na kitu kizito huanguka haraka. Litadondoka hapo tu kwenye majani chai yaliyo nyuma yao, hakuna atakayeumia. (Fizikia niliiacha kidato cha pili. Nayo haijanisamehe.)

Jiwe halikuanguka. Lilipita juu ya tumbili, likapita juu ya majani chai, limenyooka, haliyumbi na upepo, vile vile mzee alivyosema. Kidonge cha udongo kingechoka njiani. Hili lilienda mpaka ua wa jikoni, na huko juu ya nguzo Mama Chebet alikuwa ameanika sotet yake, kile kibuyu cha mursik alichopewa na mamake siku alipoolewa. Kibuyu cha Jumamosi.

Ko!

Tumbili wote wakakimbia. Hakuna aliyenipongeza.

Mama Chebet akatoka jikoni, akakiokota. Ufa umetoka shingoni mpaka tumboni. Sasa, kwetu mkwe hasogeleani na mama mkwe. Unasimama mbali, unatazama chini, na maneno yanapitia kwa mtu mwingine, hata kama kila mtu anasikia. Kwa hiyo hakunisemesha. Alimwambia mumewe.

"Baba Chebet, muulize huyo kijana. Sotet yangu ilikuwa inakula mahindi?"

Mzee akanigeukia, taratibu, kama mkalimani wa kanisani. "Mama anauliza kama sotet ilikuwa inakula mahindi."

"Hapana, baba."

"Anasema hapana."

Msemaji akatikisa kichwa, akanung'unika kwamba kibuyu kupasuka kabla ya koito si jambo la kupeleka mbele ya wazee. Mama akaingia ndani. Chebet alikuwa mlangoni, leso mdomoni, mabega yakitetemeka. Nikajua analia. Nikajua yamekwisha, nikaanza hata kutafuta maneno ya kumwambia babangu.

Chebet hakuwa analia. Alikuwa anakufa kwa kicheko. Muda kidogo akaja na sindano, uzi na shanga nyekundu.

"Mama amesema ukishone," akasema. "Maziwa ya Jumamosi yanaingia humu humu. Kikivuja, wazee wako wasitoke nyumbani."

Nimeshona tangu hapo. Vidole vyangu vimetobolewa zaidi kuliko kibuyu. Sasa hivi Chebet amekijaza maji, tumekizunguka wote kama mgonjwa. Limetoka tone moja. Mama amelitazama muda mrefu kutoka kule mlangoni.

"Mwambieni aongeze mshono hapo chini," akasema, akarudi kwa sufuria zake.

Hapo ndipo nilipopumua.

Lile dume limerudi, limekaa juu ya ua likinitazama, linangoja chakula cha jioni. Nyinyi mkija Jumamosi na kuuona ule mshono uliopinda, kunyweni mkitazama juu. Na mtu asiniletee mapera.