Chembe Zangu Hazina Uzee

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimetukanwa na binti yangu wa kumzaa, tena mezani kwangu. Wawira ni nesi, kwa hivyo kwake kila mtu ni mgonjwa. Anataka mimi na mama yake tuchanjwe dhidi ya mafua na nimonia. Eti kinga ya mwili nayo huzeeka. Chembe za damu zinazotulinda hupunguza kasi, hupashana habari kwa kuchelewa, na nyingine hupiga kelele hata adui hayupo. Nimemwambia hiyo ni tabia ya wanasiasa, si ya damu yangu. Karwirwa, mke wangu, amekwenda kuchanjwa. Amenisaliti.

Jumatano, 16 Julai
Burale muuza magodoro, rika langu kabisa, naye amechanjwa. Ameniambia mbele ya wateja nijitunze, mzee. Mzee! Nina mpango. Koome fundi viatu ana mafua mabaya, mtaa wetu mzima wa Makutano unamkwepa. Nimekwenda nikaketi naye, nikanywa chai kwenye kikombe chake, Burale akiniona. Koome amenisihi niondoke. Nimeomba kikombe cha pili.

Jumamosi, 19 Julai
Kikohozi kidogo. Chakula hakipiti. Lakini homa sina! Kipimajoto kinasema niko sawa, na Koome, kijana, alitetemeka chini ya mablanketi. Nani mzee sasa? Nimempigia Burale simu kumjulisha. Pumzi imeniishia kabla sijafika kwenye ushindi wenyewe.

Jumapili, 20 Julai
Karwirwa anadai nimemuuliza kama lori limepakiwa viazi. Lori niliuza zamani. Anasema pia nimemwita Susan, jina la dada yangu marehemu. Uzushi mtupu. Amempigia Wawira simu huku akilia.

Jumatano, 23 Julai
Wodini. Nimonia, mapafu yote mawili. Mrija wa oksijeni puani. Nimemweleza daktari kwamba sikupata homa hata kidogo. Badala ya kunipongeza, amesema hilo ndilo linalomtisha. Kwa mzee, habari za ugonjwa huzunguka polepole, na mwili unaweza kushindwa kuwasha homa. Maradhi yanajenga nyumba, na hakuna aliyepiga kengele. Nimemjibu kwamba mwili wangu hauna papara. Wawira ametoka nje. Karwirwa amebaki, ameshika mkono wangu, macho mekundu. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 27 Julai
Nimerudi nyumbani. Burale amekuja na supu, akanisemesha kwa upole wa kuudhi.

Nimegundua jambo. Karwirwa amekaa kando ya kifua changu siku zote hizi na hajakohoa hata mara moja. Wawira anasema ni chanjo. Upuuzi. Ni wazi kwamba chembe zangu, pamoja na shughuli zote zilizokuwa nazo, zilikuwa zikimlinda na yeye. Shukrani sijapata.

Wawira anataka nichanjwe nikipata nguvu. Nimekataa. Chembe zangu zitadhani siziamini.