Malalamiko ya Tomaso wa Filamu ya Kanisa

Kwa Mchungaji wetu mpendwa,

Baada ya salamu na heshima zote, naomba ile filamu fupi ya kanisa, iliyorekodiwa kwa simu ya mwalimu wa kwaya, ifutwe kabla haijaonyeshwa tena. Sababu zangu nimezipanga, usije ukasema nimeandika kwa hasira. Hasira ninayo, ila nayo nimeipanga.

1. Sikuomba kuwa Tomaso, yule mtume aliyekataa kusadiki ufufuo mpaka aguse majeraha. Niliitwa kutengeneza mlango. Mwalimu wa kwaya akanitazama nikigonga, akasema nina uso wa mtu asiyesadiki. Mchungaji, huo ni uso wa mtu aliyebana misumari kwa meno.

2. Bwana aliyefufuka alikuwa shemeji yangu muuza nyama, kaka wa marehemu mke wangu. Alichaguliwa kwa ajili ya ndevu tu. Mtu anayeniuzia mifupa kwa bei ya mnofu, leo nimsadiki kwa sababu amevaa shuka? Jeraha lenyewe la ubavuni lilikuwa nyanya ya kopo.

3. Bwana alitakiwa atokee milango ikiwa imefungwa. Kwa kuwa hatukuwa na mitambo, tuliambiwa tusitikisike, simu izimwe, shemeji aingie, kisha iwashwe tena. Simu ikiwa imezimwa, mimi nikapiga chafya, nikaenda dirishani kutafuta leso. Sasa ukiitazama filamu, anayetokea kwa muujiza ni mimi.

4. Wateja wameniharibikia. Mama mmoja alikataa kupokea meza yake mpaka atie kidole kwenye kila tundu la msumari. Akina mama wa kanisa nao walikuja karakana kuniombea, wakakaa wote juu ya kitanda ambacho gundi yake haijakauka. Walifika sakafuni kabla ya amina. Na kosa la Tomaso ni lipi hasa? Wale wenzake walisadiki kwa sababu walikwisha kuona! Yeye aliomba kile kile walichopewa wengine. Naomba itangazwe madhabahuni kwamba Tomaso hana hatia, na mitume wengine nao wachunguzwe.

5. Hili ndilo linaloniuma. Pale Tomaso anaposema kwamba asipoona hasadiki, nilisema mara moja tu, watu wakanipigia makofi. Walidhani naigiza. Tangu tumzike mke wangu nimekuwa nikiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, ili mtu asigundue. Sasa wameona waumini wote, tena filamu ikiwa imemulikwa ukutani.

Ilipofika zamu ya Tomaso kukiri, “Bwana wangu na Mungu wangu,” nilishindwa. Kila nikimgusa shemeji ubavuni anatekenyeka, anacheka. Kicheko kile ni cha kwao, Mchungaji. Dada yake alicheka vile vile. Tulirudia mpaka nyanya ikaisha, mwishowe mwalimu wa kwaya akamwambia shemeji ayaseme yeye maneno yangu, akayabandika kwenye filamu. Kwa hiyo katika filamu yetu Bwana anajikiri mwenyewe, na mimi nimefumba mdomo.

Ikishindikana kuifuta, basi nipewe nafasi ya Petro. Yeye alimkana kabisa, na bado watu wanayapa makanisa jina lake.

Unisalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa na wanakwaya wote, isipokuwa mwalimu wao.

Wako katika imani, au mahali fulani karibu na hapo,

Seremala wa nyuma ya kanisa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji amekuja karakana kuniomba radhi, na nyama mkononi, mnofu mtupu. Nilifunga mlango ili majirani wasisikie ninavyomfokea. Kabla sijaanza akajikwaa kwenye mbao, nikamdaka ubavuni, akacheka kile kicheko. Sijui nini kilinipata. Niliyasema yale maneno ya Tomaso ya kukiri, yote, palepale kwenye maranda, na hakuna aliyekuwa akirekodi. Shemeji akageuka haraka kutazama nani ameingia. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Kwa hiyo usiifute. Mwambie mwalimu wa kwaya aje Jumamosi na simu yake, turudie kipande kile kwa sauti yangu mwenyewe. Nyanya nitanunua mimi.