Rufaa ya Sanduku la Mifupa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ombi langu la hataza, ile hati ya kumlinda mbunifu, limekataliwa! Eti Sanduku la Kuchimba Mifupa ya Kale ni wazo la wazi, mwalimu yeyote angelifikia. Mwalimu yeyote! Miezi saba nimejifungia hapa mtaani Ng'ambo nafinyanga mifupa ya mijusi wa kale kwa plasta, watoto waifukue mchangani kwa brashi na kijiko. Nimekata rufaa. Inasikilizwa Ijumaa kwa kompyuta, dukani kwa Zeeshan, muuza madaftari. Nahitaji shahidi.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Zeeshan amekataa. Anasema amefunga Ramadhani, hawezi kuapia asichokijua. Watu wengine bwana!
Nikampigia binti yangu Gaudensia, yuko Kipalapala, anafundisha chekechea kama marehemu mama yake. Nikamwambia aseme tu kwamba kitu hiki hakijapata kuonekana. Akauliza kwenye fomu nimeandika mbunifu ni nani. Mimi, nani mwingine? Akasema atakuja. Safi sana!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Gaudensia alikuja na beseni la mama yake. Waamuzi walipomuuliza, akaliinua mbele ya kamera.
"Mama alifukia mifupa ya mbuzi humu miaka ishirini. Watoto waliifukua, wakaipanga ikawa mbuzi mzima. Baba ndiye aliyekuwa akinywa supu ya mifupa hiyo."
Dakika tisa, rufaa chini. Nje nilimwita msaliti. Akalia.
"Baba, ungeandika jina la mama tu. Ningekuja kukutetea, hata kama tungeshindwa wote."
Akapanda bodaboda, akaenda zake. Nami nimemkumbuka marehemu mke wangu Leonia. Alikuwa ananisubiri nimalize kuguguna, kisha anachukua mfupa kwenda kuuosha. Sikuwahi hata kumuuliza ni wa nini.

Jumapili, 9 Machi
Gaudensia hakuja kula. Simu hapokei. Nimekula ugali peke yangu, nusu nimebakiza.
Nikafungua kabati la Leonia kutafuta shuka. Nikakuta saa aliyofundishia watoto: ungo, mishale miwili ya mwanzi, punje za mahindi zimegandishwa kuhesabu saa. Nililia kweli, nikaukumbatia ule ungo kama mtu.
Halafu nikautazama vizuri. Jamani! Hii haina mfano Tanzania nzima! Fomu mpya nimeshaijaza, kwa wino mzito. Mbunifu: mimi, Mathias Raymundi.
Gaudensia akiiona atafurahi, atarudi kula nyumbani.