Mtoto Salama wa Wiki

Idara ya Usalama wa Mtoto Mtandaoni ilitangaza, kwa furaha na kwa vipaza sauti, kwamba hakuna mtoto atakayepotea tena mtandaoni, kwa kuwa Idara inajua kila mmoja alipo. Na ili umma ujue kwamba Idara inajua, ukafunguliwa ukurasa. Kila Jumatatu alibandikwa Mtoto Salama wa Wiki: picha, jina kamili, shule, na njia anayopita akirudi nyumbani.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe. Lilimjia bafuni, kama yalivyomjia yote, likiwemo lile la kuzuia watoto wasizame kwa kuuzungushia mto kamba. Wengi wameshasahau. Kamba ilichukuliwa na maji.

Siku moja akajiwa ofisini na fundi cherehani, mwanamke mwenye utepe wa kupimia bado shingoni.

"Mkubwa, naomba picha ya binti yangu iondolewe."

"Kwa nini, mama? Amependwa sana. Tazama mioyo yote hii."

"Mmoja wa hao wenye mioyo alikuwa getini shuleni jana. Mtu mzima na ndevu zake. Anamwita mwanangu mpaka jina la babu."

Mkurugenzi akakunja uso kitaalamu. "Huyo mtu alikuwa mtandaoni?"

"Nimesema getini."

"Basi umepotea mlango. Sisi ni mtandaoni. Geti lina wenyewe."

"Na picha?"

"Tukiitoa, binti yako hatakuwa salama tena. Kitakwimu."

"Baba, takwimu sizijui. Nataka mwanangu afike nyumbani."

"Ondoa shaka. Ijumaa Mheshimiwa Waziri anazindua mafunzo. Wazazi wa Watoto Salama wote mmealikwa, na binti atakaa mbele kabisa, aonekane vizuri."

Fundi akaibana hasira kwa meno, kama abanavyo pini, akatoka.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Ukurasa wa Idara ulimulikwa ukutani, mkubwa kama shuka la harusi. Mwalimu akafundisha, na alifundisha vizuri: mtu akianika picha yako na mahali unapokaa, usimjibu, usimtukane; gusa vidoti vitatu, ripoti. Waziri alisinzia kwa heshima zote.

Mkurugenzi akashika kipaza sauti. "Sasa tunaingia awamu ya utekelezaji. Kila mtoto achukue kishikwambi, atafute akaunti inayohatarisha watoto, airipoti. Tuone nani mwepesi."

Watoto wakainama. Binti wa fundi akamnong'oneza jirani yake, "Umeipata?"

"Bado. We je?"

"Si ile pale ukutani."

Neno likapita safu hadi safu. Haukupita muda, ukuta ukawa mweupe, kisha yakatokea maandishi: ukurasa huu umefungwa kwa kuanika taarifa za watoto.

"Nani kafanya hivi?" akauliza Mkurugenzi.

Mikono yote ikanyooka. Walidhani anagawa maksi.

Waziri akazinduka. "Urudisheni."

Kijana wa mitambo akakuna kichwa. "Mzee, wenye mtandao wanataka mwenye ukurasa ajitambulishe. Picha ya uso, jina kamili, na nyumba anayoishi."

"Waambie ni mimi."

"Nishawaambia. Wanataka nyumba."

Mkurugenzi akamsogelea, kipaza sauti bado mkononi. "Kijana, una akili timamu? Nimpe mtu nisiyemjua mahali ninapolala? Nina watoto mimi."

Sauti ikafika hadi viti vya nyuma.

"Watoto, mmesikia?" akasema mwalimu. "Hilo ndilo jibu."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkurugenzi akainamisha kichwa kushukuru, kwa mazoea.

Fundi cherehani hakupiga. Alikwenda mbele, akamshika binti yake mkono, akamgeukia Mkurugenzi.

"Mkubwa, yule wa getini anapajua kwangu, na njia anaijua, mlimwandikia. Kwako ndiko hakujulikani. Basi sisi leo tunalala kwako."

"Mama, huo si utaratibu."

"Sijakuuliza utaratibu. Nakuuliza tunapitia wapi."

Mkurugenzi akamtazama Waziri. Waziri akatazama saa. Na huko nyuma viti vikaanza kulia sakafuni: alisimama mama wa mtoto wa wiki iliyopita, akabeba mkoba wake, kisha wa wiki ile nyingine.