Mkia wa Futi Kumi na Tano

Jumamosi, 13 Januari

Nimenunua daftari hili ili historia isipotee. Mwanangu Noelie atakuwa Malkia wa Karnivali wa mji wetu. Mtoto wa mchambua kamba wa baharini! Ana miaka kumi na tisa, yuko chuoni, anasomea uhasibu, na ana shingo ya kuvikwa taji. Shingo hiyo kairithi kwangu. Nimewaambia watu wote kiwandani. Wengine nimewaambia mara mbili.

Shida ni joho. Malkia haburuti shuka. Huburuta joho lenye mkia wa manyoya na vito, zito mpaka linafungiwa vigurudumu kwa chini. Mwaka jana malkia alikuwa binti wa binamu yangu Earline, tunayechambua naye meza moja. Mkia futi kumi na mbili. Earline hajafunga mdomo tangu siku ile.

Nimemwagiza fundi, Bibi Verret, futi kumi na tano. Nusu nimelipa. Dola mia tisa zilizobaki anazitaka Ijumaa ya tarehe tisa Februari, la sivyo joho halitoki kwake.

Dola mia tisa ninazo, ila ziko serikalini. Kila mwaka wananikata kodi kupita kiasi, kila mwaka wananirudishia. Lakini wananirudishia Machi, Karnivali imeshafagiliwa barabarani.

Jumatano, 17 Januari

Noelie kapiga simu. Nikamdokezea kwamba mwaka huu nitapeleka ritani ya kodi, yale maelezo ya mapato yangu, mapema. Akasema nisithubutu mpaka fomu ya mwaka ije kutoka kiwandani, ile inayoonyesha mshahara wote na kodi yote. Haijaja, basi nisubiri. Haraka haraka haina baraka, akasema. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Ana akili sana mtoto huyu, lakini hajawahi kununua manyoya.

Baada ya kazi nikaenda kwa Bwana Guidry. Yeye ni muuza matairi mwaka mzima. Januari ikifika anasukuma matairi pembeni, anaweka meza na kompyuta, tayari ni mtaalamu wa kodi. Akasema fomu ya nini, nimletee tu kikaratasi cha malipo cha mwisho wa Desemba, jumla yote imeandikwa pale chini. Nilikuwa nacho kwenye pochi. Akaniuliza kama hicho ndicho cha mwisho. Nikasema cha mwisho kabisa.

Akabonyeza, akabonyeza. Kisha akanigeuzia kioo. Nitarudishiwa elfu nne na mia mbili! Sijawahi kuona hata elfu tatu. Akasema kwa mshahara mdogo namna hii serikali inanionea huruma. Mshahara mdogo? Neno halikunipendeza, lakini anayekuhurumia hubishani naye.

Nimepitia kwa Bibi Verret, nimemwambia aongeze manyoya ya tausi.

Jumatatu, 29 Januari

Leo serikali imefungua mlango wa kupokea ritani. Guidry kaituma ritani saa mbili asubuhi. Mimi wa kwanza mtaani!

Nikamwambia Earline tukiwa mezani, visu mkononi. Akauliza nimewezaje, mbona yeye fomu yake haijafika. Nikamwambia kuna wanaosubiri barua na kuna wenye akili.

Wakati wa mapumziko tukakata keki ya mfalme, ile ya Karnivali inayookwa na kidoli ndani, na kidoli kikawa kwenye kipande changu. Nusura nivunje jino. Anayepata kidoli ndiye anunuaye keki ijayo. Earline akacheka, akasema, "Haya, mwenye akili, utalipa." Sikupenda alivyolitamka lile neno.

Alhamisi, 1 Februari

Mungu wangu. Zimekuja bahasha mbili za fomu ya mwaka kutoka kiwandani.

Nikadhani moja ni ya jirani. Nikasoma jina. Langu. Ya pili, langu pia.

Mwezi wa saba kiwanda kiliuzwa. Sisi tuliona kofia tu zimebadilika, za buluu zikaondoka, za kijani zikaja. Meza ile ile, kamba wale wale, harufu ile ile. Nani angejua kwamba hesabu ya mishahara nayo ilianza upya? Kikaratasi changu cha Desemba kilihesabu tangu kofia za kijani tu. Miezi sita ya kofia za buluu sikuitaja kabisa. Nimeiambia serikali ya Marekani, kwa sahihi yangu, kwamba nusu ya mwaka nilikuwa nimekaa.

Nikakimbia kwa Guidry. Nikamwambia airudishe. Akasema ikishatumwa imetumwa, si tairi hiyo. Akanikumbusha kwamba aliniuliza kama kile ndicho kikaratasi cha mwisho. Nikasema kilikuwa cha mwisho. Akasema basi, naye hakuuliza cha kwanza.

Bahasha nimezificha kwenye friza, chini ya bamia.

Jumamosi, 3 Februari

Saa nne asubuhi gari jeupe lenye nembo ya serikali limesimama mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa naanika nguo.

Kashuka bwana mmoja mwenye beji na makaratasi. Akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia mimi mgeni tu, nimekuja kuanika. Akaniuliza jina. Mdomo ukajisemea wenyewe, "Earline." Akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwonyesha nyumba ya Earline, ile ya pembeni. Akaandika, akanishukuru, akapima kitu mtaroni kwa futi kamba, akaenda.

Nimefunga mapazia yote. Simu ikilia naitazama tu. Nimeandaa mfuko wa kwendea jela. Nimetia soksi za sufu, rozari, na picha ya Noelie akijaribu taji, walinzi wajue wamemfunga mama wa nani.

Jumanne, 6 Februari

Sijalala vizuri siku nne. Kila asubuhi naangalia kwenye simu kama pesa zimeingia. Inasema zinashughulikiwa. Zinashughulikiwa na nani? Wako wangapi?

Naogopa zisije. Zaidi naogopa zije. Zikija nimeiba. Zisipokuja, mwanangu ataburuta shuka mbele ya mji mzima. Na mbaya kuliko yote, nawaona wakinikamata Jumanne ya Karnivali yenyewe, katikati ya barabara, bendi inapiga, Earline amekaa kiti cha mbele.

Nilikwenda kwa Padre. Akasema kukosea si dhambi, kuficha ndiyo dhambi, na kitubio changu ni kumweleza binti yangu. Nikamwomba anibadilishie, anipe rozari kumi. Akakataa. Padre wa zamani angekubali.

Jumatano, 7 Februari

Limekuja lori mbele ya nyumba ya Earline. Limeshusha bomba jipya kubwa la mtaro, na wanaume sita wa kulizika. Bure kabisa! Kumbe yule bwana wa gari jeupe alikuwa anaandikisha wanaotaka bomba. Miaka kumi na moja uwanja wangu unajaa maji mimi nikilia. Earline anashangaa hakuomba lakini kapewa. Anasema ni malaika.

Nimemwambia hongera.

Ijumaa, 9 Februari

Noelie amerudi kwa ajili ya sikukuu. Nilikuwa nakaanga unga wa supu ya bamia. Ukiuacha kidogo tu unaungua, nisingeweza kutoka. Akasema, kaa Mama, bamia nitachukua mimi. Nikasema hapana. Alikuwa ameshafungua friza.

Kisha akaja na bahasha mbili ngumu kama mbao.

"Mama, kwa nini mishahara yako iko chini ya bamia?"

Nikasema huko ndiko kwenye baridi.

Hakucheka. Akazikausha kwa mashine yake ya nywele, akaketi, akaomba nimwonyeshe ritani. Nikampa. Nikasubiri. Unga ukaungua. Nilishachambua kamba kwa kisu butu, nilishamzika baba yake, lakini sijapata kuogopa kama nilivyomwogopa mtoto wangu na kalamu yake.

"Chuoni waliniuliza nani alinifundisha hesabu," akasema. "Nikawaambia mama yangu, kwa maganda ya kamba, mezani, kumi kumi. Nikawaambia hajawahi kukosea ganda hata moja."

Nikalia. Nikamwonyesha na mfuko wa jela. Alipotoa ile picha yake na taji, hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika ukuta. Akasema hafungwi mtu kwa kosa analolisahihisha mwenyewe. Tutangoja hii ya kwanza ishughulikiwe, kisha tutatuma ya kusahihisha, pamoja na fomu zote mbili. Pesa zikija mapema nisiguse hata senti, sehemu yake itarudi. Ila haziji mapema. Ritani za huruma ya mshahara mdogo kama yangu serikali huzishikilia mpaka katikati ya Februari, hata uwe wa kwanza duniani. Kumbe haraka yote ile haikuwa na mahali pa kwenda.

Nikamuuliza, na joho je?

Akachukua simu. Bibi Verret hatoi kitu bila dola mia tisa. Noelie hakubishana naye. Akapiga namba nyingine, nikasikia akisema, "Shikamoo, Mama Mdogo Earline." Nikatoka nje, nikasimama kwenye maji ya uwanja.

Jumanne, 13 Februari, Karnivali

Mwanangu alipita! Joho la futi kumi na mbili la mwaka jana, lakini wacha niseme ukweli, kwenye mabega yale lilionekana ishirini. Alipofika mbele yangu akasimamisha msafara mzima, akanipungia fimbo yake ya kimalkia. Mwanamke nisiyemjua akauliza yule ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Nikamwambia tena.

Earline alikuwa kando yangu. Siku nzima nilingoja aseme joho ni la binti yake. Hakusema. Alinishika mkono tu, akaniambia, "Odile, yule ni malkia kweli." Hilo limeniuma kuliko matusi.

Hakuna aliyekuja kunikamata. Kila gari jeupe lilinitoa jasho, lakini yote yalikuwa ya wauza soseji.

Jumatano, 14 Februari, Jumatano ya Majivu

Nimepakwa majivu. Padre akaniuliza nitajinyima nini Kwaresima hii. Nikasema haraka. Akafurahi sana.

Noelie kaondoka asubuhi. Kanichukulia nakala za fomu zote mbili, kaniachia maelezo kwa maandishi makubwa. Neno la mwisho linasema: Mama, mwakani subiri. Nimelibandika kwenye friza. Mwandiko mzuri! Nimewaonyesha majirani.

Jioni nilikuwa napita tu kwa Bwana Guidry. Alikuwa anarudisha matairi mahali pake. Joho langu la futi kumi na tano bado liko kwa Bibi Verret, na Noelie anaweza kuolewa wakati wowote. Bibi harusi naye huburuta mkia. Nikafikiri vizuri, bila haraka, nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Nilichelewa. Nilikwenda Januari, wakati kila mtu anakwenda.

Basi nikamwekea mezani kikaratasi changu cha malipo cha wiki iliyopita, nikamwomba anianzie ritani ya mwaka huu. Akanitazama, akaniambia hii ni Februari, mwaka huu ndiyo kwanza unaanza. Nikamwambia ndiyo maana. Akaniuliza kama hicho ndicho kikaratasi cha mwisho.

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua pochi, nikampa na cha kwanza.